Matairi ya RAV4 kwa barabara za Goma: lipi la kwanza, lipi la kuacha

Kabla ya kwenda kwa wauzaji, fungua mlango wa dereva usome karatasi iliyobandikwa pale kwenye nguzo. RAV4 nyingi za Toyota za 2001 hadi 2005 huandikwa 215/70R16: upana milimita 215, ubavu asilimia 70 ya upana huo, janti inchi 16. Kama unabaki na janti za kiwandani, unachagua upana, ubavu na aina ya mpira tu. Na Goma ubavu ndio unaokufa kwanza. Ukiacha lami unakutana na makoro, mawe makali ya lava, mengine yakiwa ya volkano ya Nyiragongo ilipolipuka 2002, na yanakata pembeni, mahali ambapo kiraka hakisaidii.

La kwanza ni 215/70R16 jipya la AT, lile la lami na vumbi. Ubavu mgumu, kipimo kilekile. Namba ya uzito isiwe chini ya ile ya karatasi. 100 maana yake kilo 800 kwa tairi moja. Kwenye lami linavuma kidogo, vumilia.

La pili ni 225/70R16. Kimo chake kinazidi kwa milimita 14, karibu asilimia 2, na mafundi hawapendi ipite 3. Anayekwenda Sake au Rutshuru mara kwa mara atalipenda. Ila kabla ya kulipa, lifungwe moja mbele, ukate usukani hadi mwisho pande zote uone kama linagusa. 215/75R16 imeshavuka hiyo 3, iache.

Mfuko ukikataa, chukua la okazi, yaani lililokwishatumika, la kipimo cha karatasi. Soma namba nne za mwisho za DOT, maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Likizidi miaka sita mimi sitoi dola yangu. Chungulia na ndani, viraka hujificha huko, na usidanganywe na rangi nyeusi inayong'aa.

Matairi ya theluji nayaweka chini kabisa, na hapa ndipo wengi wanaliwa. Yanakuja na magari ya Japani, na machoni yanapendeza: meno bado marefu, mpira laini, bei ya chini. Meno ni marefu kwa sababu kule huyatoa yakifika nusu, maana hapo hayashiki tena barafu. Mpira wake ulitengenezwa kwa baridi iliyo chini ya nyuzi 7. Goma haifiki huko. Theluji yetu iko Ruwenzori, na hakuna RAV4 inayopanda kule. Kwenye lami yenye joto unalika haraka, breki inachelewa kushika, na koro linaupasua bila shida. Tafuta neno STUDLESS, au majina kama Blizzak na iceGUARD. Pinda jino kwa kidole gumba: la theluji limechanjwa mistari myembamba mingi inayofunguka. M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, AT nyingi zinayo. Hata alama ya mlima na theluji siku hizi iko kwenye baadhi ya AT, kwa hiyo amini kidole.

Janti za inchi 18 na ubavu mwembamba ni za asiyetoka kwenye lami.

Kama gari lako linavuta miguu yote minne, usichanganye 215 mbele na 225 nyuma. Vimo vikitofautiana, difu inafanya kazi bila kupumzika hata barabara ikinyooka. Pesa ya mawili tu? Nunua kipimo cha yale yanayobaki, na yanayobaki yasiwe yamelika sana.