Sanduku la hisa la kufuli tatu: la kununua na la kukataa

Miradi ya ruzuku ya fedha na kuinua kipato mkoani Dodoma huwa na mstari mmoja mfupi kwenye bajeti: masanduku ya vikundi vya hisa, yaani vile ambavyo wanachama huweka akiba kwa kununua hisa na kukopeshana fedha hiyo. Kwa kuwa ni kitu cha bei ndogo, hakuna anayekifikiria sana, na kikundi kinaishia kukabidhiwa sanduku la bati linalofunguka kwa bisibisi. Inasikitisha, maana likitengenezwa sawasawa hiki ni kifaa kinachoendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya mradi kufunga ofisi.

Bati liwe geji 18, yaani unene wa milimita 1.2 hivi. Geji 24 ni nusu ya hapo, na mfuniko wake hupinda mtu akiukalia. Urefu wa sentimita 40, upana 30 na kina 20 vinatosha vitabu vya wanachama 30, mabakuli ya kuhesabia fedha na fedha yenyewe. Sanduku la vipimo hivyo lina kilo tano hivi likiwa tupu, kwa hiyo mtunza sanduku analibeba mwenyewe hadi mkutanoni. Pini za bawaba zichomelewe ncha zote mbili, kwa sababu mwizi anayeijua kazi yake haendi kwenye kufuli, anagonga pini za nyuma. Liwe na vimiguu vya sentimita mbili au tatu. Sakafu ya udongo ya tembe hushika unyevu wakati wa masika, na kutu huanzia kwenye kitako. Likija na tundu la kutumbukizia pesa kama sanduku la sadaka, lirudishwe. Fedha inaingia humo mbele ya wanachama wote, ikiwa imehesabiwa kwa sauti, na tundu linafungua njia ya kukwepa hilo.

Mafundi wa kuchomelea wa Dodoma mjini, Kibaigwa au Mpwapwa wanaiweza kazi hii vizuri. Agiza moja la mfano, likague, kisha ndipo uagize mengine. Faida ya fundi wa karibu ni kwamba bawaba ikikatika kikundi kinajua pa kwenda.

Kufuli ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Maana ya kufuli tatu ni funguo kukaa kwa watu watatu, sanduku lisifunguke mpaka wote wawepo. Kufuli za bei nafuu zilizotoka katoni moja zinaweza kufunguliwa na ufunguo mmoja, na hapo zile tatu zinakuwa moja. Nunua za aina tatu tofauti, na kabla ya kulipa jaribu kila ufunguo kwenye kila kufuli. Washika funguo wawe wanachama wa kawaida, wasiwe viongozi, na pasiwe na wawili wa kaya moja wala ndugu wa mtunza sanduku. Funguo za akiba zifungwe kwenye bahasha, washika funguo wote watie sahihi juu ya kifuniko chake, kisha ikae kwa mtu asiye mwanachama ambaye kikundi kinamwamini. Bahasha hii husahaulika sana. Ufunguo ukipotea, kikundi kinakata kufuli kwa msumeno, na kuanzia hapo kila mtu anajua sanduku lao linakatika.

Ndani pawe na kitabu kidogo cha kila mwanachama, mhuri, pedi ya wino na chupa ya wino wa kuongeza, mabakuli matatu ya rangi tofauti, kikokotoo, kalamu za bluu na nyekundu, na kifuko cha kitambaa cha mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida. Usiiache chupa ya wino: hewa ya Dodoma kuanzia Juni hukausha pedi upesi. Mhuri uwe na alama ya kikundi hicho peke yake. Vikundi vyote vya kijiji vikipewa mhuri wa nyota, nyota ya jirani inaweza kugongwa kwenye kitabu chako. Vitabu visiende nyumbani, vinalala sandukuni.

Hesabu zake ni nyepesi, na huo ndio ubora mkubwa wa mfumo huu. Kila mkutano mwanachama ananunua hisa moja hadi tano, na kila hisa inagongwa mhuri mmoja kitabuni mwake. Nafasi ambazo hazikugongwa mhuri zinakatwa kwa kalamu nyekundu papo hapo. Chukua wanachama 25, wastani wa hisa tatu kwa wiki, kila hisa Sh 1,000: ni Sh 75,000 kwa wiki, na baada ya wiki 40 ni Sh 3,000,000 kwa hisa 3,000. Faida ya mikopo na faini vikiifikisha jumla hiyo Sh 3,600,000, kila hisa inalipa Sh 1,200. Mkopo usizidi mara tatu ya akiba ya mkopaji, na urudi ndani ya miezi mitatu. Bei ya hisa ipangwe kwa uwezo wa mwanachama mnyonge kuliko wote. Kaya masikini za TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) zimekuwa zikipokea ruzuku kwa madirisha ya malipo ya miezi miwili miwili, wakati hisa ni za kila wiki. Hisa ya Sh 500 inawabakiza, ya Sh 2,000 inawafukuza kimyakimya.

Kalenda ndiyo inayoamua. Dodoma mvua zinaanza Desemba na kuishia Aprili. Baada ya mavuno ya uwele, mtama na alizeti fedha zipo mikononi, wakopaji ni wachache, na sanduku linalala limejaa. Hiyo ndiyo miezi ya hatari. Kiasi kikizidi, kipelekwe benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu kama M-Koba, kwa wale ambao wanachama wao wana laini zao. Mgao wa mwisho wa mzunguko, wanachama wanapogawana akiba na faida, tunashauri uwe mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, fedha ikute nafaka bado inapatikana sokoni, na isaidie mbegu na maandalizi ya shamba. Lakini mgao huo unaliacha sanduku tupu kuelekea miezi ya njaa, wakati mikopo inahitajika kuliko wakati wowote. Dawa yake ni kila mwanachama kurudisha kiasi kile kile, tuseme hisa tano, siku ile ile ya mgao. Kwa wanachama 25 na hisa ya Sh 1,000 ni Sh 125,000 za kuanzia. Mfuko wa jamii haugawanywi.

Kwa miradi yenyewe: fedha ya mradi isiingizwe sandukuni. Mkopo wa fedha isiyo ya jirani yako haukuumizi kichwa kuurudisha. Chamwino, moja ya wilaya tatu zilizofanya majaribio ya uhawilishaji fedha (kuzipa kaya masikini ruzuku ya fedha) mwaka 2010 pamoja na Bagamoyo na Kibaha, ina watu wanaojua tofauti ya ruzuku na akiba. Mpe mlengwa ruzuku yake yote mkononi. Kumkata hisa kabla hajaipokea ni kumdhulumu. Baada ya mafuriko au ukame mkali, sanduku lisubiri hadi watu wapate chakula na paa.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaviweka vikundi hivi daraja la nne, la vikundi vya kijamii, na usajili hufanyika halmashauri. Weka bajeti ya katiba na nauli ya viongozi, na umhusishe afisa maendeleo ya jamii wa kata tangu mkutano wa kwanza. Sanduku likabidhiwe baada ya mafunzo ya kanuni na kuchagua washika funguo.