Geti ya shamba: angalia hinji kwanza, hiyo kufuli ingoje

Wiki hii nimeletewa stori za geti mpaka nikachoka. Msomaji mmoja wa upande wa Rongai ameniandikia, "Dada, kufuli iko, cheni iko, lakini ndama wawili hawako." Akatuma na picha. Kufuli imefungwa vizuri kabisa, haijaguswa hata kidogo, na geti yenyewe imelala kwa nyasi ikiwa bado imeshikana na nguzo upande ule wa kufuli. Mwingine wa Ahero yeye hajaibiwa, shida yake ni kwamba tangu mvua inyeshe geti haikutani katikati, anaifunga na kamba ya katani.

Hawa wote wawili waliuliza maswali yale kila mtu anauliza wakienda kwa fundi: sheet ni ya geji gani (yaani unene), rangi gani, juu tuweke mishale ama maua. Hakuna aliyeuliza hinji, zile bawaba zinazoshikilia geti kwa nguzo. Na hinji ndiyo geti, hizo zingine ni mapambo.

Sikiza sasa. Hinji nyingi zinazowekwa kwa geti huku kwetu ni zile za buleti, kipande cha chini kiko na pini imesimama, cha juu kiko na tundu, unateremsha geti inakaa. Fundi anazipenda kwa sababu kazi inaisha haraka, anachomelea vipande vya pini kwa nguzo zote zikiangalia juu, anaita vijana wawili wanabeba geti wanaidumbukiza, kwisha. Lakini kama vijana wawili wameweza kuiingiza hivyo, vijana wengine wawili watakuja saa nane usiku na mtaimbo, waiinue kidogo tu, pini zitoke, halafu geti ifunguke kinyume, ile kufuli yako ya bei ndiyo sasa inageuka kuwa hinji. Kwa shamba la mbali ambapo jirani wa karibu hasikii hata mbwa wako akibweka, watu wanafanya hiyo kazi bila haraka.

Dawa yake ni rahisi mpaka inauma. Hinji ya juu igeuzwe, pini iangalie chini, ya chini ibaki ikiangalia juu. Geti haiwezi kuinuka tena kwa sababu zinakabana. Fundi akikuambia haiwezekani, mwambie basi achomelee washa nene (ile pete ya chuma) ama kipande cha flat bar juu ya hinji baada ya geti kukaa. Hiyo ni dakika chache za welding. Na usikubali akuambie atakuja kumalizia kesho, hatakuja.

Haya, tupange.

Nambari moja kwangu, na sitabadilisha, ni geti ya milango miwili ya square tube, chuma zimesimama wima, sheet chini nusu tu. Watu wengi wanataka mlango mmoja mpana ati unapendeza. Fanya hesabu kidogo: mlango mmoja wa futi 12 wenye kilo 120, hinji zikiwa zimeachana futi 5, unavuta hinji ya juu kwa nguvu ya kama kilo 144, mchana na usiku, hata ukiwa umelala. Gawanya hiyo geti mara mbili, kila upande futi 6 na kilo 60, hinji ya juu inavutwa kilo 36 tu. Mara nne chini! Ndiyo maana zile geti pana za mlango mmoja baada ya muda unazifungua ukiziinua na goti. Upana wenyewe usibane sana, lori ni kama futi 8 na inaingia ikikata kona kutoka barabara ya murram, kwa hivyo mimi napenda futi 14, nguzo kwa nguzo.

Fremu ziwe za geji 14, hiyo ni kama milimita 2, na zile za katikati geji 16 inatosha. Kumbuka nambari ikipanda chuma inapungua. Tube mimi nanunua za Tononoka, niseme wazi napendelea, sijalipwa na mtu, zikikatwa mdomo wake uko sawa pande zote na fundi wangu halalamiki kwamba zinatoboka akichomelea. Kama huko kwenu mnazo zingine nzuri sawa, lakini mwambie fundi afunike midomo ya tube zote za juu. Maji ya mvua yakiingia ndani ya tube yanakaa hapo chini, na kutu inakula kutoka ndani wakati wewe unasifu rangi ya nje.

Nambari mbili ni ya mabomba ya GI, yale ya chuma kilichopakwa zinki, na weld mesh, ule wavu wa chuma, ile ya mashamba makubwa ya Njoro na Mau Narok. Upepo unapita katikati, haisukumwi kama tanga, na wewe ukiwa nyumbani unaona nani amesimama nje. Shida yake ni pale fundi anachomelea, ile zinki inaungua na hapo ndipo kutu inaanzia, lazima apake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Na moshi wake ni mbaya, afanyie kazi nje, asiinamie.

Nambari tatu ni ile ya sheet mwanzo mpaka mwisho. Najua wengi ndiyo mnataka. Mjini sawa. Lakini shambani, mwizi akisharuka ndani, hiyo sheet inamficha yeye sasa, mtu akipita barabarani haoni kitu. Tena ni nzito na inashika upepo, turudi pale pale kwa hinji.

Ya kusukuma kwa reli sitaki hata kuizungumzia sana. Barabara ni ya murram, mvua ikinyesha matope yote yanaingia kwa reli, na kama umeweka mota, stima ikipotea siku mbili utakuwa unasukuma na bega. Ya mbao na seng'enge ni ya kuzuia mbuzi, na kule Siaya na Busia mchwa watakusaidia kuifungua.

Nguzo nazo. Udongo wa huku Nakuru mahali pengi ni ule mwepesi wa majivu ya volkano, unachimbika vizuri lakini maji yakipita kando ya nguzo yanaubeba, kwa hivyo chimba futi 3 ama zaidi na uelekeze maji ya barabara yapite mbali. Sasa yule wa Ahero shida yake ni nyingine, uwanda wa Kano una udongo mweusi unaofura mvua ikija na kupasuka jua likiwaka, nguzo moja inaenda huku ingine kule. Hapo kumwaga zege tu kwa kila shimo haisaidii sana. Chimba mpaka upite huo mweusi ukiweza, halafu unganisha nguzo mbili chini ya ardhi na bimu ya zege yenye nondo ndani. Zikisonga zinasonga pamoja, na geti inaendelea kufunga. Hiyo bimu fundi wa geti hatakutajia, kwa sababu si yeye anaijenga.

Kufuli nitasema Viro, ile ya Italia, na lazima ikae ndani ya kiboksi cha chuma kilichochomelewa, mkono unaingia kutoka chini lakini mkasi wa chuma haupati nafasi. Kufuli ya bei rahisi ndani ya kiboksi ni afadhali kuliko ya bei kubwa ikining'inia kwa cheni. Vumbi ya huku ni nyingi, usitie grisi ndani ya kufuli, itashika vumbi ikwame. Grisi ni ya hinji.

Sasa hawa wenye hardware. Mwaka wa 2023 Sheria ya Fedha ilileta ushuru wa asilimia 17.5 kwa chuma ghafi kutoka nje, na tangu siku hiyo wamepata wimbo, "chuma imepanda, mama." Sawa, imepanda. Lakini ile tube yenye kutu ilikuwa hapo kwa stoo tangu kitambo, ililipa ushuru gani? Na mbona ukipiga simu unaambiwa bei moja, ukifika na gari inakuwa ingine, na wakisikia una ndugu Marekani inakuwa ya tatu? Kibaya zaidi ni geji. Unalipia 14, unapewa kitu kimeandikwa 14 kwa chaki, ukipima ni milimita moja na nusu, hiyo ni 16 kaka yangu. Duka moja nilipotoa venia, kile kifaa cha kupima unene, kwa mkoba nipime mdomo wa tube, kijana wa kaunta akaniambia hawaruhusu kupima. Hawaruhusu! Nikamwambia basi mimi pia siruhusu kulipa, nikavuka barabara. Venia ya plastiki si ghali, nunua yako, na upime kabla hawajapakia kwa pickup, kwa sababu ikishafika shamba watakuambia ulikata wewe.