Super Lemon Haze: inanuka na inanukia kwa mpigo mmoja

Kwanza niseme nipo Toronto, huku bangi ni ruksa tangu Oktoba 17, 2018, unaingia dukani unaonyesha kitambulisho kwamba umeshafika miaka 19 unahudumiwa kama mtu aliyekuja kununua panadol. Walioko Bongo na Kenya someni kama stori tu maana huko bado ni pingu, sitaki lawama.

Haya. Mimi nimekulia Muheza, mtoto wa machungwa kabisa, tulikuwa tukishakula tunalikunja ganda mbele ya uso wa mwenzio lile rojo la mafuta linamrukia machoni anatoka mbio. Sasa ile harufu ya ganda likikunjwa, siyo ya tunda, ya GANDA, ndo ilinipiga puani nilipofungua kikopo cha hii Super Lemon Haze, aina ya bangi. Ila weka limao badala ya chungwa, na kwa mbaaali kama mchaichai ukianza kuchemka. Unasema ah, hii nzuri, unasogeza pua tena na hapo ndo inakuja ya pili, nzito, kama kwapa na mpira ulioungua, inakaa nyuma ya koo haitoki. Hiyo ndo skanki yenyewe. Skanki ni mnyama wa huku, fikiria kicheche tu, wiki zangu za kwanza hapa nilikuwa nasikia hiyo harufu usiku nikajua mtaa mzima wanapuliza, kumbe ni wanyama wanapekua mapipa ya taka. Kiswahili kimetupa kunuka na kunukia, sasa hii inafanya vyote viwili na wala haioni aibu.

Ya limao inatokana na mafuta yanaitwa limonini, yaleyale yaliyomo kwenye ganda la limao. Ile ya kicheche watu walizoea kusema ni mafuta ya namna hiyohiyo, ila 2021 watafiti Marekani wakaonyesha ni kemikali za salfa, jamaa wa zile anazorusha skanki mwenyewe, na kinatosha kiasi kidogo sana kujaza nyumba.

Kwa ukoo ni chotara wa Lemon Skunk na Super Silver Haze, kazi ya kampuni ya mbegu ya Green House Seed ya Amsterdam, ikabeba Cannabis Cup, mashindano ya bangi, 2008 ikarudia tena 2009. Mmoja wa walioitengeneza ni Franco Loja, na hii iliniuma kidogo nilipoisoma, alifariki Januari 2017 kwa malaria iliyompanda kichwani, aliipata Kongo alikokuwa anafanya kazi za huu mmea. Mzungu kazunguka dunia nzima anatafuta mbegu kaja kumalizwa na mbu wetu.

Sasa dukani. Ya kwanza nilinunua duka moja karibu na kwangu, gramu 3.5, nimefika nyumbani nageuza kikopo nakuta tarehe ya kupakiwa ni miezi 11 nyuma. Kavu, ukiishika inakuwa vumbi, harufu ya majani ya ng'ombe, limao lote limeshapeperuka. Narudi naambiwa kilichofunguliwa hakirudishwi, sasa nisingefungua ningejuaje? Ya pili nikaichukua duka lingine, ya miezi 2, hiyo ndo ninayoisifia hapa. Maua yake ya kijani cha kupauka yana nywele za rangi ya machungwa na vumbi kama sukari, ukiikata kwa mkasi vidole vinanata mpaka unawe na mafuta. Kwa hiyo ukienda usiulize ina asilimia ngapi ya THC, yaani kile kinacholewesha, geuza kikopo utafute TAREHE. Hata hizo namba zenyewe huku wanaandika mbili, THC ya sasa hivi ni ndogo na ile ya jumla ni kubwa, sababu mbichi bado haijageuka mpaka ipate moto, kuna jamaa nawajua wanasoma ile ndogo wanajisokotea kama mkonge halafu wanazima kama tochi.

Ladha: pafu la kwanza limao safi, la pili pilipili manga, la tatu inakwangua koo. Mdomo unakuwa Sahara, weka maji karibu.

Stimu inapanda haraka, inaanzia kwenye paji la uso. Haikulazi hii, inakuamsha. Nimeosha vyombo vyote, nimepanga soksi, nikampigia shangazi Tanga tukaongea dakika 50 habari ya bei ya iliki, akaniuliza mwanangu leo una raha gani. Poa. Kosa nililofanya ni kuongeza pafu la tatu ilhali mbili zilishatosha, moyo ukaanza kudunda kama ngoma ya mdumange na kichwani limeingia wazo kwamba kuna mtu yupo mlangoni. Mwenzangu ninayekaa naye, mtu wa Mombasa, akaniangalia tu akasema "keti hapo ndugu yangu, kunywa maji, hakuna polisi huku." Nikakaa. Ilipita kama baada ya nusu saa ila usingizi nikauona saa tisa usiku. Kama wewe ni mtu wa wasiwasi hii siyo ya kwako kwa kweli, na jioni usiiguse, na ukishavuta funguo za gari mpe mtu.

Bei dola 34 na kodi, kwangu inafika mwezi.

Tatizo kubwa ni kuificha. Nimeweka kikopo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya begi, begi ndani ya kabati, na bado koti likaichukua. Jumapili kwenye misa ya Kiswahili mama mmoja nyuma yangu akaniinamia taratibu, "baba, unanukia vizuri, hayo mafuta ya mchaichai unanunua wapi?"