Risiti ninayo, programu hainijui

Mimi ni mchapishaji wa kadi za harusi na kalenda, duka langu liko Madungu, Chake Chake. Miaka miwili iliyopita niliachana na programu za kupeana kwa flashi, nikanunua ya kusanifia kwa halali: leseni ya kudumu, kompyuta mbili, Sh 480,000. Kadi yangu ya benki ilikataliwa, ikabidi kaka yangu wa Unguja anilipie kwa yake. Risiti nimeibandika ukutani.

Kazi yake siisemi vibaya. Herufi za Kiarabu zinaungana zinavyotakiwa, na rangi ya dhahabu ninayoiona kwenye kioo ndiyo inayotoka kwenye karatasi. Hapo naipa nyota nne. Leseni ndiyo naipa moja, tena kwa kuionea haya.

Mfunguo Mosi uliopita, harusi zimepandana, umeme ulikatika ukarudi na kishindo. Mazabodi, ile bodi kuu ya ndani ya kompyuta, ikaungua. Fundi akaweka nyengine kesho yake; diski ileile, mafaili yaleyale. Nafungua programu, inataka ufunguo. Naandika herufi na namba zote 25, inanijibu kuwa leseni imeshajaa kompyuta mbili, nizime leseni kwenye moja kwanza. Na kuzima sharti ukae kwenye kompyuta yenyewe. Sasa ya kwanza ni laptop iliyokufa mwaka jana, ya pili ni hii niliyoikalia, ila kwa mazabodi mpya haitambui tena. Fundi akanieleza kwamba programu hizi huchukua alama za vifaa vya ndani na kuzifunga pamoja na ufunguo, kwa hiyo ukigusa mazabodi, kwao wao umekuja na kompyuta ya mtu mwengine. Marehemu wawili wanashikilia leseni yangu, na mimi niliye hai sina.

Nikawaandikia wenye programu Alkhamisi. Jibu la mashine lilikuja papo hapo: tumepokea, subiri siku za kazi. Jumamosi na Jumapili kwao si kazi. Baba wa bibi harusi alishanipigia mara nne, kadi anazitaka Jumamosi.

Kijana wa duka la tatu kutoka kwangu anayo programu hiyohiyo, ya kwenye flashi, na kraki yake, yaani kile kinachovunja kufuli ya leseni. Tangu aiweke haijamuuliza hata jina. Nikachukua faili langu nikaenda kwake.

"Kaka, wewe si umenunua?"

Nikacheka tu, nikampa Sh 10,000 yake. Kadi zilitoka safi. Flashi yangu ilirudi na virusi, kila faili limegeuka shotikati, njia ya mkato tu badala ya faili lenyewe, nikapoteza usiku mzima kuisafisha. Kwa hiyo sisemi kraki ni raha tupu.

Fundi aliponiona nimenuna akanikumbusha CD za muziki za Sony BMG, mwaka 2005: aliyenunua CD halali akaitia kwenye kompyuta, ikajificha humo programu ya kuzuia kunakili iliyofungua mlango kwa virusi. Kampuni ikalazimika kuzirudisha CD. Aliyechukua nyimbo za wizi mtandaoni hakuguswa.

Jumatatu usiku wakaniomba picha ya risiti. Nikaibandua ukutani, nikaipiga, nikatuma. Jumatano leseni ikafunguka, bila ya neno la samahani.

Juzi fundi kanambia diski imechoka, tuibadilishe kabla haijafa. Nimemwambia aiache hapohapo ilipo.