Silensa ya kuchomeka (slip-on) kwenye Suzuki GSX-R600 K7 (toleo la 2007): uzoefu wangu Kampala

Nitoe hukumu kwanza. Kwa pikipiki ya mia sita inayotembea Kampala siku za kazi na kutoka kuelekea Jinja au Masaka mwisho wa wiki, silensa ya stenlesi ya kuchomeka nyuma inatosha. Mfumo mzima wa egzosi kwa matumizi hayo ni kununua kelele kwa bei ya injini. Yangu ni ya umbo la yai, ganda la stenlesi, na kizibo cha sauti kinachoshikwa na skrubu moja mdomoni. Naipa nyota nne kwa tano. Ile moja iliyopungua ni ya mkono wa kuning'inizia, nitaufikia.

Wauzaji hupenda kuanza na nguvu. Silensa peke yake kwenye injini ya sisi 599 huongeza farasi mmoja hadi watatu, tena huko juu kwenye mizunguko ambayo foleni ya barabara ya Jinja haikupi nafasi ya kuigusa. Mfumo mzima, kuanzia mabomba manne ya silinda hedi, unaweza kuleta zaidi, ila uambatane na kupanga upya mafuta kwenye kompyuta ya injini au kwa kifaa kama Power Commander. Bila hivyo injini inapungukiwa mafuta katikati ya mizunguko, inapata joto na kuvuta kwa kusitasita. Faida ambayo mguu unaihisi ni uzito: kilo mbili na kitu zimeondoka, na zimeondoka mahali ambapo pikipiki inasukumwa kila siku kwenye maegesho.

Mwinuko wetu nao una lake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko Mombasa. Injini ya injeksheni ina sensa inayosoma shinikizo hilo na kupunguza mafuta yenyewe. Ya kabureta haijui habari hizo: ikiwa na jeti (vitundu vya kupitishia mafuta) za kiwandani, huku juu inachoma mafuta mengi kidogo, na silensa iliyo wazi zaidi inaweza kuirudisha karibu na kipimo chake. Ndiyo maana mwenye pikipiki ya zamani ya kabureta atakuapia kwamba yake "imefunguka", na mwenye injeksheni haoni tofauti. Wote wawili wanasema kweli.

Sasa vali. Kuanzia K6 (toleo la 2006), Suzuki waliweka kwenye bomba la moshi la GSX-R600 kipepeo kinachofungwa na kufunguliwa na kijimota kwa kebo mbili, mfumo wanaouita SET. Mizunguko ikiwa chini kipepeo kinabana ili injini ivute vizuri, ikipanda kinafunguka. Silensa ya kuchomeka inakiacha kipepeo mahali pake, na hiyo kwangu ni sababu tosha ya kuichagua. Mafundi wengi wakiona kebo hizo huzing'oa na kuchomoa na plagi ya kijimota, kisha taa ya FI (ya hitilafu ya injeksheni) inawaka na mwenye pikipiki anaambiwa ni "sensa". Ukiunganisha waya mbili kwenye plagi ya ukaguzi ili dashibodi ionyeshe namba za hitilafu, utakutana na C46: kompyuta inamtafuta kijimota haimpati. Kama kebo lazima zitoke, mwache kijimota kwenye plagi yake, au weka kifaa kidogo cha kuidanganya kompyuta. C44 ni habari nyingine, hiyo ni sensa ya oksijeni. Na kabla ya kulaumu silensa mpya, zungusha kipepeo kwa mkono injini ikiwa imepoa. Masizi na vumbi la marram likilowa hukigandisha. Kikiganda kimefunga, pikipiki inabanwa pumzi kule juu. Kikiganda wazi, inakuwa legelege kwenye gia za chini.

Kuchagua chenyewe ni kazi ya kaliba, yaani vernier, kuliko ya macho. Pima kipenyo cha nje cha bomba linalotoka kwenye pikipiki, halafu kipenyo cha ndani cha mdomo wa silensa. Silensa za "kila pikipiki" zinazouzwa kwa wingi zina mdomo wa milimita 51, nyingine 60. Tofauti ya nusu milimita klempu inaibana. Tofauti ya milimita mbili au tatu utaambiwa ijazwe kwa bati, na hapo ndipo moshi utakapovujia. Kuna wanaouza pete za kuunganisha. Zinafaa kama zimechongwa kwa mashine na zinaingia angalau sentimita tatu ndani. Chini ya hapo silensa inachezacheza kwenye matuta hadi weldi ipasuke.

Majina makubwa yanaigizwa sana. Akrapovič ya Slovenia na Yoshimura ya Japani ndizo utakazoziona kwenye kila meza ya vipuri, kibandiko kizuri, ganda jepesi la bati. Tazama ndani kwa tochi: bomba la matundu liwe limenyooka na matundu yalingane, bila mabaki ya weldi yaliyoning'inia. Tazama ribiti, ziwe za stenlesi (sumaku ikizinata vizuri, zitashika kutu). Silensa iliyoidhinishwa kwa barabara za Ulaya ina herufi E ndani ya duara, au e ndogo ndani ya mstatili, na namba ya nchi iliyoidhinisha: E4 ni Uholanzi, E11 ni Uingereza, E13 ni Luxemburg. Muhuri wa kweli umechongwa kwenye chuma. Ukiwa kwenye stika tu, uhesabu kama pambo.

Ganda la kaboni ni zuri kwa macho, lakini pamba ya ndani ya kunyonya sauti ikiisha, joto linaunguza gundi inayoshika nyuzi na ganda linaanza kubadilika rangi karibu na mdomo. Titani ni nyepesi kuliko stenlesi. Hiyo ukishaishika kwa mikono yenye jasho ifute kwa spiriti kabla ya kuwasha injini, la sivyo alama za vidole zitaungua humo na hazitoki. Stenlesi kugeuka rangi ya dhahabu, halafu buluu, ni kawaida yake.

Kufunga hakuhitaji gereji kubwa. Injini ipoe kabisa. Fungua kava la upande wa silensa, puliza dawa ya kulegeza kutu kwenye boliti ya klempu na uipe muda. Toa boliti ya kuning'inizia mwisho, siyo mwanzo, ili silensa isilale kwenye klempu na kupinda bomba. Safisha kiungio kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae. Gasketi ya zamani itupe. Ya grafiti ikishabanwa mara moja hairudi umbo lake. Paka grisi ya shaba kwenye boliti zote. Silikoni uiepuke, hasa mbele ya sensa ya oksijeni, kwa sababu mvuke wake huichafua sensa na kuiharibu. Ingiza silensa, shika boliti zote kwa vidole tu, itikise ijikalie yenyewe, ndipo ukaze klempu, kisha mkono wa kuning'inizia.

Mkono huo ndio ulioniudhi. Tundu lake halikukutana na la fremu, lilikuwa pembeni kwa milimita sita hivi. Ukilazimisha kwa kukaza boliti, inaingia bila shida, ila silensa nzima inabaki imevutwa upande mmoja na mzigo wote unakaa kwenye weldi ya mdomo. Dawa yake ni washa mbili nene za stenlesi nyuma ya mkono na bushi ya mpira. Kwa bei yake, kiwanda kilipaswa kuliona hilo.

Ukimaliza, washa injini ikiwa baridi, paka povu la sabuni kwenye viungio, ziba mdomo wa silensa kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache na usikilize viungio. Panapovuja panapiga "tsss" na povu la sabuni linaruka. Ukipuuza, baada ya safari kadhaa utaona mstari mweusi wa masizi pale pale. Uvujaji mdogo karibu na sensa huingiza hewa, sensa inadhani mafuta ni machache, kompyuta inaongeza, na unywaji wa petroli unapanda bila sababu inayoonekana. Ile mipasuko ya "pa-pa-pa" ukiachia akseli kwenye mteremko chanzo chake mara nyingi ni hewa hiyo, au ule mfumo wa kiwandani unaopuliza hewa safi kwenye moshi. Vijana wanaipenda. Mimi kiungio kikipasua nakikagua.

Kuhusu sauti: kizibo kiache ndani. Uganda ina kanuni za viwango na udhibiti wa kelele tangu mwaka 2003, na hata bila kanuni, nani anataka kuingia kwake Ntinda usiku mbwa wote wakiamka? Ukitaka kulinganisha, weka simu yenye programu ya kupima sauti nusu mita kutoka mdomo wa silensa, kwa pembe ya digrii 45, injini ikiwa kwenye nusu ya mizunguko ya nguvu yake ya juu. Kwa K7 ni karibu 6,750 kwa dakika. Simu si kipimo cha mahakamani, lakini kizibo kikiwa ndani na kikiwa nje tofauti inaonekana wazi.

Matuta yetu hayana kipimo kimoja, kwa hiyo kagua nafasi ya chini ukiwa na abiria juu, springi ya nyuma imekandamizwa. Silensa isiguse mkono wa gurudumu wala isiwe sehemu ya kwanza kugusa lami. Kile kitundu kidogo cha chini cha kutolea maji kizibue kwa waya baada ya safari ya matope. Kikizibwa na udongo mwekundu maji yanalala ndani. Ukiosha pikipiki, funika mdomo.

Pamba ya ndani huisha. Sauti ikianza kuwa kavu na ganda kupata joto kuliko zamani, toboa ribiti kwa biti ya milimita 5, toa pamba iliyoungua, zungushia mpya ya nyuzi ndefu kwa kubana sawasawa, funga kwa ribiti za stenlesi za 4.8. Kwa matumizi ya kawaida, kilomita 15,000 ni wakati mzuri wa kufungua na kuangalia.

Ukiagiza nje, kumbuka VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya bei pamoja na usafiri na ushuru, siyo bei ya dukani peke yake. Kwa hiyo uzito wa kifurushi unaingia kwenye hesabu mara mbili.

Mfumo mzima nitaupendekeza kwa hali moja: mabomba ya kiwandani yameoza. Pikipiki zilizotumika Uingereza huja na chumvi ya barabara za baridi kali imeshakula mabomba na boliti nane za silinda hedi. Hapo legeza rejeta chini uisogeze mbele, loweka boliti kwa dawa tangu jana yake, na uzifungue injini ikiwa vuguvugu, kwa kwenda na kurudi kidogo kidogo. Moja ikikatika, ipeleke kwa mwenye mashine ya argoni achomelee nati juu ya kisiki. Katwe, hapa Kampala, wapo. Uliza kama wana argoni kabla ya kushusha pikipiki, na chomoa betri na kompyuta kabla moto haujawashwa. Boliti mpya kaza kwa Nm 23 (kwa spana ya kipimo), gasketi za shaba mpya zote nne, halafu zirudie baada ya joto la kwanza kupoa.