Nakala tano za mswada: tathmini ya sekretaria za Lubumbashi kwa mwandishi anayeanza

Sekretaria za umma za Lubumbashi, vile vyumba vya kompyuta na fotokopi unavyovikuta kuelekea kampasi ya Kasapa ya chuo kikuu, katikati ya mji na pembeni mwa barabara za komuni za Kenya na Katuba, zinaishi kwa kazi za wanafunzi za kumalizia masomo, yaani TFC na memwari. Huduma tunayoipima hapa ni nadra kuiona kwenye bei zilizobandikwa ukutani: kuchapa mswada wa hadithi au mashairi uwe kijitabu cha A5, nakala tano tu, wakati mwandishi mwenyewe bado anajiuliza kama alichoandika kinastahili kusomwa. Kwa maoni yetu hakuna pesa ndogo inayomsaidia zaidi mtu wa aina hiyo. Ila huduma ni nzuri kwa yule tu anayefika na vipimo vyake kichwani, kwa sababu opereta amezoea kazi ya chuo na atakupa kazi ya chuo: A4, nafasi mstari na nusu, spirali, jalada la plastiki.

Kwa nini karatasi? Kwenye skrini mswada hauna mwisho. Kila sentensi inaweza kufutwa, kwa hiyo inafutwa. Sura ya kwanza inaandikwa mara kumi, ya pili haizaliwi, na mwandishi anasema hana kipaji, kumbe hajawahi kuisoma kazi yake toka mwanzo hadi mwisho kama msomaji. Kijitabu kina kurasa zinazohesabika, hakifutiki, na kinakupa nafasi ya kukaa nacho nje ya nyumba na kalamu ya risasi mkononi bila kuona kishale kinachopepesa kikikungoja.

Kabla ya sekretaria kuna jambo moja la kurekebisha kwenye kompyuta, nalo ndilo linalowavunja moyo wengi wanaoandika Kiswahili huku kwetu. Kompyuta nyingi za Lubumbashi zimewekwa Kifaransa. Ukiandika Kiswahili, mashine inachora mstari mwekundu chini ya karibu kila neno. Baada ya kurasa tatu za wekundu, mtu anaanza kuhisi kwamba ni yeye anayekosea. Hakuna kosa: mashine inatafuta maneno yako kwenye kamusi ya Kifaransa. Katika LibreOffice bonyeza Shift na F7, mistari inatoweka. Katika Word chagua maandishi yote, fungua Révision, kisha Langue, halafu weka alama kwenye kisanduku cha kutokagua tahajia. Zima pia masahihisho ya Kifaransa yanayoongeza nafasi kabla ya alama ya kuuliza na nukta mbili. Kwa Kiswahili alama hizo zinagusana na neno.

Hapo hapo tuseme kuhusu Kiswahili chenyewe, maana shaka kubwa ya mwandishi wa Lubumbashi ni hii: niandike «watoto wanacheza» au «batoto banacheza»? Chagua kabla ya kuchapa, kisha shikilia. Njia inayofanya kazi vizuri ni msimulizi kutumia Kiswahili sanifu na wahusika kuongea kama watu wa mtaa wao. Lakini hata kitabu kizima kwa Kiswahili cha mji kina babu yake hapa hapa: mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la Lubumbashi wakati huo, kwa Kiswahili cha wakaaji wake, ikapigwa taipu, na mwaka 1990 mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaichapisha pamoja na tafsiri. Kinachomchosha msomaji ni kuona «watu» kwenye mstari mmoja na «batu» kwenye unaofuata, kinywa kilekile, bila sababu.

Sasa vipimo. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4 za A5, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Kurasa 48 ni kipimo kizuri cha kuanzia: karatasi 12, ambazo bado zinakunjika bila kuleta mgongo mnene. Weka ukurasa wa A5 tangu mwanzo kwenye programu, pambizo ya ndani sentimita 2, ya nje 1.5, herufi za ukubwa wa 11. Hapo ukurasa unabeba maneno 250 hadi 300. Ukitoa ukurasa wa jina na nyingine tatu zitakazobaki tupu, unabaki na nafasi ya maneno yapata 12,000, yaani hadithi tatu au nne fupi, au mwanzo imara wa riwaya. Mswada ukiwa mrefu zaidi, usiubane kwa herufi za 9. Chapa sehemu ya kwanza tu.

Hifadhi kazi kama PDF. Ukipeleka faili ya Word, kompyuta ya pale inaweza kukosa fonti yako. Mistari inasogea, kurasa 48 zinakuwa 51, na kijitabu kinaharibika. PDF haisogei. Tumia flashi isiyo na kitu kingine, kwa kuwa kompyuta zinazoguswa na watu wengi huwa na virusi, na ukirudi nyumbani ifute yote bila kufungua faili yoyote iliyomo. Anayeogopa kuibiwa kazi amwombe opereta achape moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Kama ameinakili kwenye kompyuta, aifute mbele yako, na kwenye kapu la taka pia. Opereta mwaminifu haoni vibaya ukiomba hivyo.

Kwenye Adobe Reader, programu ya kufungua PDF, mwambie opereta achague Livret (kijitabu), mfungo wa kushoto, pande zote mbili. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kama printa inageuza karatasi yenyewe, lazima igeuze kwa upande mfupi. Ikigeuza kwa upande mrefu, kila ukurasa wa nyuma unatoka kichwa chini. Kama haigeuzi yenyewe, opereta anachapa nyuso za mbele zote, anarudisha rundo, anachapa za nyuma. Omba jaribio la karatasi moja kabla ya rundo lote, uikunje mkononi, usome. Dakika mbili hizo zinaokoa karatasi 60. Majira ya mvua, kuanzia Novemba hadi Machi hivi, angalia pia rimu inatoka wapi: karatasi iliyokaa wazi inavuta unyevu, inajikunja na kukwama kwenye mashine, na upande wa pili unachapwa ukiwa umepinda.

Bei huhesabiwa kwa uso uliochapwa. Kurasa 48 za A5 ni nyuso 24 za A4, si 48. Wengine hukosea hapo bila nia mbaya, hivyo hesabu pamoja naye kabla ya kulipa. Mara nyingi ni nafuu kuchapa nakala moja safi na kutoa nne kwa fotokopi, mradi kioo na ngoma ya mashine (silinda ya ndani inayobeba wino) ni safi. Ukiona mstari wa kijivu unaoshuka mahali palepale kila ukurasa, nenda mlango wa pili.

Kuhusu kufunga, tumepima njia tatu na hazilingani. Spirali inapatikana kila mahali na inalala wazi mezani, lakini matundu yanakula karibu sentimita nzima ya pambizo, na kitu kinachotoka kinafanana na ripoti. Msomaji anakishika kama mwalimu anayesahihisha. Gundi ya moto inapendeza siku ya kwanza, kisha mgongo unakauka, unapasuka mtu akikifungua sawasawa, na kurasa zinaanza kutoka. Kwa nakala za majaribio hatuipendekezi kabisa. Kijitabu kilichokunjwa na kubanwa katikati kinashinda zote mbili kwa mbali, ila mkono wa stepla ya kawaida haufiki kwenye mkunjo, ulio karibu sentimita 15 kutoka ukingo. Sekretaria yenye stepla ndefu ni bahati. Isipokuwepo, shona mwenyewe kwa sindano nene na uzi wa fundi viatu. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo: moja katikati, mengine sentimita 6 juu na chini yake. Ingiza sindano kwenye tundu la kati ukitokea ndani, rudi ndani kupitia la juu, ruka la kati utoke kwa la chini, rudi ndani kwa la kati, kisha funga fundo juu ya uzi mrefu. Ni kazi ya dakika kumi kwa kila nakala, na kinafunguka vizuri kuliko chenye pini. Jalada ni karatasi ngumu ya bristoli ya rangi moja, jina la kazi na jina lako. Acha picha ya rangi: inapandisha bei na inakuchelewesha wiki nzima ukichagua picha badala ya kuandika.

Kwa nini tano? Kwa sababu hamsini ni mtego. Anayechapa hamsini mara ya kwanza anaona kosa kwenye ukurasa wa 3 jioni ileile, na rundo linabaki chini ya kitanda likimshitaki kila siku. Tano unazitoa zote. Moja ni yako. Nne mpe mtu anayesoma riwaya, mtu asiyesoma sana, mtu mzima anayekijua Kiswahili cha zamani cha mji, na mtu asiyekupenda kiasi cha kukudanganya. Mtu wa familia anayekuheshimu sana atasema «muzuri», na neno hilo halikufikishi popote.

Usimwulize msomaji kama kazi ni nzuri. Mpe kalamu ya risasi pamoja na kijitabu na umwombe vitu viwili tu: achore mstari pale alipoacha kusoma ili afanye jambo jingine, na aweke alama ya kuuliza pale alipolazimika kurudi nyuma kusoma upya. Mpe wiki mbili, kisha nenda mwenyewe kukichukua. Usipokwenda, kijitabu kitatumika kufunikia sufuria.

Huduma hii haimfai kila mtu. Aliye na kurasa kumi tu aandike kwanza. Kuchapa mapema kunamrudisha kwenye ugonjwa wa kung'arisha sura ya kwanza. Wala haimfai anayetafuta kitabu cha kuuza, maana hakuna mhariri kwenye sekretaria, na hata opereta hodari hasahihishi Kiswahili.

Nakala zikirudi, zipange mezani zote wazi kwenye ukurasa mmoja na uzigeuze pamoja, karatasi kwa karatasi. Mahali ambapo wasomaji watatu wamechora mstari pana tatizo la kweli, na mara nyingi kosa liko ukurasa mmoja au miwili kabla ya hapo. Palipo na mstari wa mtu mmoja, paache kama palivyo hadi nakala tano zinazofuata.