Diski Ipi ya Suspiria Ununue: Mwongozo kwa Jicho la Mpigapicha

Anayetafuta diski ya Suspiria, filamu ya kutisha ya Mwitaliano Dario Argento iliyotoka mwaka 1977, hukuta matoleo mengi yenye majalada yanayofanana na bei zinazopishana sana, na mara nyingi huchagua kwa kusoma idadi ya pikseli iliyoandikwa nyuma ya kasha. Nimefanya kazi ya kamera kwa miaka mingi, na kwa filamu hii naanzia kwingine: nauliza kwanza ni nani aliyesimamia rangi za toleo hilo. Zipo filamu zinazoweza kuvumilia rangi iliyokosewa kidogo, kwa sababu hadithi yake inabebwa na maneno. Suspiria haivumilii, kwa kuwa humo rangi ndiyo inayotisha.

Mpigapicha mkuu, Luciano Tovoli, alisimamisha fremu kubwa za vitambaa na karatasi za rangi mbele ya taa zenye nguvu, akazisogeza karibu kabisa na nyuso za waigizaji, hivi kwamba wekundu na buluu viliangukia ngozi vikiwa vimekolea. Alipiga picha kwenye negativu (ukanda wa awali unaopita ndani ya kamera) ya kawaida ya Kodak, lakini nakala za kuonyeshwa kwenye majumba ya sinema zilichapishwa Roma kwa ule utaratibu wa zamani wa Technicolor, ambapo wino wa njano, wa majenta na wa sayani hupigwa chapa mmoja baada ya mwingine juu ya ukanda mtupu. Hii ina maana kwamba negativu peke yake haina picha ambayo watazamaji wa 1977 waliiona. Anayeiskani na kuishia hapo hupata picha safi yenye rangi za upole, na anayekoleza rangi kwa kubahatisha huishia na nyuso zilizoungua. Ndiyo maana jicho la mtu aliyezipanga zile taa lina thamani kubwa kuliko hesabu ya pikseli.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza naipa diski ya 4K Ultra HD ya kampuni ya Marekani ya Synapse Films, iliyotoka mwaka 2019. Urejeshaji wake ulitokana na negativu halisi ya milimita 35 isiyokatwa, na rangi zilisahihishwa chini ya usimamizi wa Tovoli mwenyewe hadi akaziidhinisha. Zaidi ya hapo, diski ya aina hii hubeba rangi kwa biti 10, yaani kwa ngazi nyingi zaidi za kila rangi, wakati Blu-ray ya kawaida na DVD huishia kwenye biti 8, na tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Chukua usiku ule ambapo wasichana wa chuo cha dansi wanalazwa kwenye ukumbi wa mazoezi, shuka zikiwa zimetundikwa kuwazunguka: taa zinazimwa, ukumbi mzima unageuka mwekundu, na nyuma ya shuka kinajitokeza kivuli cha mtu aliyelala akikoroma. Kwenye biti 10 wekundu huo hushuka taratibu kutoka kwenye kitambaa mpaka gizani, lakini kwenye biti 8 unaweza kukatika ngazi kwa ngazi, na jicho likianza kuzihesabu ngazi hizo, hofu inayeyuka. Sauti nayo haikusahauliwa, kwani umo mchanganyiko wa awali wa Kiingereza wenye njia nne za sauti, na minong'ono ya Goblin, bendi iliyotunga muziki wa filamu hii, inasikika ikitoka pale ilipokusudiwa.

Ya pili ni Blu-ray ya kampuni hiyohiyo, iliyotoka kwanza kwa toleo la idadi maalumu mwishoni mwa 2017, kisha kwa toleo la kawaida mwaka 2018. Urejeshaji ni uleule na jicho ni lilelile la Tovoli, kwa hiyo mwenye runinga isiyo na HDR (uwezo wa kuonyesha mwanga na giza kwa upana zaidi) anunue hii bila kujiona amekosa. Jambo la kuangalia ni msimbo wa eneo, unaoamua diski itachezwa na deki za sehemu gani ya dunia: kwa Blu-ray, Marekani iko eneo A, na Afrika iko eneo B pamoja na Ulaya, ilhali diski za Ultra HD hazina mgawanyo huo. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, la sivyo deki yako inaweza kuikataa diski nzima.

Nafasi ya tatu naipa Blu-ray ya Uingereza ya Cult Films, inayotumia urejeshaji uliofanywa Ujerumani na TLEFilms. Ni kazi ya heshima iliyoanzia kwenye negativu hiyohiyo, ila rangi zake ni tafsiri nyingine, nami kati ya tafsiri mbili namfuata aliyewasha taa.

DVD ya Anchor Bay ya mwaka 2001 ilitulea wengi, lakini leo inafaa tu kama deki uliyo nayo ni ya DVD na bei ni ndogo.

Blu-ray zilizotoka kabla ya 2017 nakushauri uziache. Niliwahi kununua mojawapo kwa sababu ya jalada lake zuri, na nilipoiwasha nikakuta weupe umezidishwa mpaka kuta na mashavu yamekuwa bapa tupu. Hilo halirekebishiki kwa rimoti, kwa sababu kilichofutwa kwenye masta, yaani nakala mama ya kutengenezea diski, hakimo tena kwenye diski.

Diski ikifika, weka runinga kwenye hali ya sinema, zima kile kipengele cha kulainisha mwendo, kisha tazama dakika za mwanzo, Suzy, mhusika mkuu, anapopanda teksi kwenye mvua na mwanga mwekundu na wa buluu ukimpitia usoni kupitia kioo kilicholowa. Ndani ya wekundu huo unapaswa kuona ngozi, nywele zilizoganda kwa maji na tone linaloteremka. Ukiona doa moja la rangi lisilo na uso ndani yake, irudishe dukani kabla muda wa kurudisha haujapita.